Kiraka cha Ngozi ya Kiboko

Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu na nina biashara yangu ya chai na vitumbua kando ya barabara pale Bungu, na bado niliamini kwamba watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, wakipelekwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam, huzibwa kwa kiraka cha ngozi ya kiboko. Sikuamini kwa kusitasita. Niliamini kama ninavyoamini kwamba maji hulowesha. Tena niliamini kwamba ngozi ile haifi: ikisikia maji ya Rufiji huamka na kuvuta kuelekea kwa ndugu zake, na kwa hiyo mtoto aliyetengenezwa mdomo haogi mtoni, wala havuki kwa mtumbwi bila kufungwa kamba kiunoni. Mtu mmoja wa Umwe aliniapia kwamba amemwona kijana akiburutwa na mdomo wake mwenyewe mpaka maji ya shingo. Nilimpa chai ya bure kwa habari hiyo. Nilipoisimulia kwa mteja wa pili, yule kijana alikuwa amekwisha fika katikati ya mto, na viboko wamempokea kwa vigelegele.

Ushahidi tulikuwa nao. Zama zile za Mwingereza, askari wa wanyama walikuwa wakipiga risasi viboko waliokula mpunga wa watu bondeni, na ngozi zikipakiwa lori kwenda Dar es Salaam. Siku moja juu ya ngozi zile akapandishwa mama mmoja kutoka Mbwera, kule visiwani, amebeba mtoto mchanga wa kike ambaye mdomo wake wa juu ulikuwa umegawanyika hadi puani. Baada ya majuma kadhaa mama na mtoto wakarudi, mdomo umefungwa, umebaki mshono mwembamba kama uzi. Ngozi hazikurudi. Hesabu ya Bungu ikawa imekamilika.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya viboko. Ninayetaka kumwandika ni jirani yangu, Maalim wa chuo cha Kurani, ambaye habari hii ya ngozi ilimkaa shingoni miaka mingi kuliko ilivyonikaa mimi kichwani.

Chuo chake kilikuwa banda la makuti lililopakana na meko yangu. Moshi wangu uliingia kwake na sauti zake ziliingia kwangu, kwa hiyo Kurani niijuayo nyingi nimeipata nikigeuza vitumbua. Alikuwa mfupi na mwembamba, lakini sauti aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu mwingine, pandikizi la mtu, aliyefichwa ndani ya kanzu. Akiadhini Bungu, wavuvi wa Nyamisati walitawadha. Kiangazi alitembea na mwavuli. Masika aliuacha nyumbani usilowe. Adhuhuri akishaswali alijilaza chini ya ukuta, akajifunika mkeka usoni, na ole wake mtoto aliyedhani amelala akaruka aya. Mkeka ulizungumza.

Neno lake kubwa lilikuwa kwamba kila herufi ina nyumba. Ba inakaa kwenye midomo miwili, dali inakaa nyuma ya meno, kha inakaa kooni, kwenye kiza. "Ukiikuta herufi njiani," alikuwa akisema, "ujue imepotea. Usiipige. Ishike mkono uirudishe kwao." Watoto wa chuo chake hawakuchapwa, jambo ambalo wazazi wengi hawakulipenda, wakasema huyu anafundisha bure. Lakini alikuwa na namna ya kurudisha herufi kwao ambayo ilikuwa mbaya kuliko fimbo: alikufanya uirudie mpaka jua linazama, yeye akikutazama kwa upole.

Wala hakuishia kwa watoto. Alisahihisha wauza samaki, alisahihisha waliokuwa wakigombana, na mimi kwa macho yangu nilimwona akimsimamisha jogoo wangu kwa kosa la kukata pumzi pasipotakiwa. Jogoo yule hakuwika tena vizuri mpaka tulipomla Idi. Bwana Shauri, mtawala wetu Mwingereza, alipokuja na askari wake kukagua ghala la mpunga, akasema "gala". Maalim alikuwa anapita tu na mwavuli wake. Akasimama, akamwamkia kwa adabu zote, akamwambia kwamba gala ya namna hiyo itaingia panya, ailete kutoka kooni. Basi Bwana Shauri, mtu aliyekuwa akifunga watu kwa kalamu, akasimama juani akikoroma, uso umemwiva kama pilipili, na askari wake wamekaza taya wasicheke, mpaka ghala ikatoka ilivyo. Maalim akamshukuru akaenda zake. Tangu siku hiyo Bwana Shauri akipita Bungu alipunga mkono kutoka garini, mbio mbio.

Sasa huyu mtu wa herufi alikuwa na miiko yake, na mmoja uliwashangaza wageni. Katika chuo chake, na katika kila uwanja uliofikiwa na sauti yake, ilikuwa marufuku kutaja sungura. Sababu tuliijua. Mtoto mwenye mdomo uliopasuka alikuwa akiitwa sungura tangu siku ya kwanza mama yake anapomtoa nje, na wengine hawakutolewa nje kabisa. Maalim alisema jina hilo limekwisha tumika vibaya, lipumzike. Lakini utawanyima vipi watoto hadithi? Jioni walitaka zile zile, za sungura na fisi, za sungura na mamba. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta njia: akamwita Bwana Masikio. Bwana Masikio akamdanganya fisi, Bwana Masikio akamvusha mamba. Mpaka leo ukipita Bungu utasikia bibi anamsimulia mjukuu habari za Bwana Masikio, na ukimuuliza kwa nini asiseme sungura, hajui.

Halafu vitumbua. Alikipenda kitumbua kuliko mimi, nami ndiye niliyekuwa nikiishi kwa kukiuza. Kila asubuhi alikuja "kutazama kama mafuta yameiva," na kuna namna moja tu ya kutazama hivyo. Alikula kimoja kwa ajili ya mafuta, kimoja kwa ajili ya sukari, na kimoja kwa ajili ya jirani, na jirani alikuwa yeye. Lakini Alhamisi alifunga. Mwanzoni hakuwa hivyo; ilianza mwaka mmoja ghafla na haikuisha tena. Alhamisi alipita ng'ambo ya barabara, leso puani, kama mtu anayepita penye mzoga. Wachamungu wengine hufunga Jumatatu na Alhamisi. Yeye Jumatatu alikula mpaka nikahofia mtaji. Nilipomuuliza mbona moja tu, akaniambia, "Alhamisi si yangu," akaufunga mdomo kama mlango wa duka. Hata akiwa na homa ya kutetemesha kitanda alifunga. Mkewe alimgombeza, imamu alimtolea vitabu, mimi nilimpepea kitumbua cha moto dirishani. Hakufungua.

Na maji. Lahaula, mtu yule na maji. Aliyaogopa kuliko paka. Kutawadha alitawadha kwa birika, akilishika mbali na mwili kana kwamba litamrukia. Mtumbwi hakuwahi kuupanda, na kama kuna mtu wa delta aliyemwalika arusi, alimtumia dua kwa mdomo wa mtu mwingine. Hospitali aliiogopa vilevile. Akisikia neno sindano alikaa chini. Nayaeleza haya si kumcheka, au tuseme si kumcheka tu, bali uone uzito wa alichokifanya.

Yule mtoto wa Mbwera aliyerudi na mshono alikuwa anaitwa Sikudhani. Akakua, mdomo wake mzuri kama wa mtu yeyote, lakini ndani, juu ya ulimi, kaakaa lilikuwa wazi. Tangu akiwa mchanga hakuweza kunyonya. Mama yake alimkamulia maziwa kwenye kijiko, akamtilia tone kwa tone amekaa wima, na nusu yalitokea puani. Hospitali walikuwa wamesema arudishwe akipata nguvu wakamalize kazi ya ndani. Akapata nguvu, akafikia umri wa kukimbizana na kuku, na baba yake akakataa. Baba alikuwa mkata mikoko, mtu mpole mwenye mikono kama makasia, na alimpenda mwanawe. Lakini habari za kiboko zilikuwa zimefika Mbwera kabla ya mtoto mwenyewe.

Mama yake alikuwa msusi wa mikeka, na alikuwa akija Bungu kuiuza barabarani. Siku moja alikuja na Sikudhani, akakaa kwenye benchi langu. Mtoto akaniomba maji. Nilijua ni maji kwa sababu alionyesha mtungi. Neno lenyewe lilitoka lote puani, halina kona. Wateja wangu wawili wakatazamana wakacheka, na mtoto akaweka kikombe chini bila kunywa. Maalim aliona kutoka chuoni. Akaja, akamwuliza mama, na mama akamwambia yote: kwamba mumewe hatamsikiliza mwanamke, hatamsikiliza dresa wa zahanati, atamsikiliza mtu wa kitabu, na kwamba mtoto akikaa hivi atakuwa mtu wa kuonyesha kwa kidole maisha yake yote. Akamwomba aende Mbwera.

"Mbwera kwa miguu?" akauliza Maalim.

Mama akamwambia kwa upole kwamba Mbwera imezungukwa na maji.

Nilikwenda naye kwa sababu alihitaji mtu wa kumshika. Kutoka Nyamisati mpaka Mbwera alifumba macho, akasoma kila alichokijua, na alipomaliza akaanza upya. Mkono wangu aliokuwa ameung'ang'ania ulivimba, nikawa na mkono mmoja wa kwangu na mmoja wa tembo. Lakini kabla ya maji, njia nzima kutoka Bungu tulikuwa tumeizungumza ile ngozi, na nataka lieleweke jambo hili: yeye naye aliamini. Tatizo lake lilikuwa kubwa kuliko langu, kwa kuwa yeye ndiye wa kutoa hukumu. Vitabu vyake vilikuwa na nguruwe, vilikuwa na mbwa, vilikuwa na mzoga wa kila aina. Habari ya kuzibwa kaakaa kwa kiboko haikuwamo. Waliovitunga hawakupata bahati ya kulima Rufiji.

Baba yake Sikudhani alitupokea barazani na majirani zake kadhaa, akatupa madafu, akauliza habari za Bungu yote mpaka mbuzi. Ndipo akasema neno lake.

"Maalim, mdomo nilikubali. Mdomo ni ukuta wa nje, hata ukipigwa kiraka watu watapita. Lakini kaakaa ni mihrabu. Humo ndimo inamosimama Kurani. Sitii kiboko kwenye mihrabu."

Mama yake Sikudhani alikuwa mlangoni anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao baadaye huunganishwa ukawa mkeka. Bila kuinua uso alisema kwamba yeye alikuwamo hospitali, na alichokiona ni kushona tu. Mumewe akamjibu kwamba tundu ni tundu. Mtumbwi ukitoboka haushonwi, hupigwa kiraka, na kiraka hakishuki kutoka mbinguni. Wanaume wote barazani, mimi wa kwanza, tukatikisa vichwa kukubali. Nani asiyejua mtumbwi? Mama akarudi kwenye ukili wake, mazungumzo yakaendelea.

Maalim akamwita mtoto. Akamwambia, "Njoo, mama, nisomee Bismillahi." Sikudhani akasimama mbele yake, mikono kifuani, akasoma. Sauti ilikuja kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Alipomaliza, Maalim akamgeukia baba.

"Amesoma nini?"

"Amesoma Bismillahi, yote mpaka mwisho."

"Nani mwingine hapa kaisikia?"

Watu wakatazama madafu yao. Mmoja akakohoa.

"Mola wake kaisikia, kama ulivyoisikia wewe," Maalim alisema. "Yeye hana shida na mtoto huyu. Sisi ndio viziwi, na anapelekwa kwa ajili ya masikio yetu. Basi kama ni kiboko na awe kiboko. Dhambi yake usiichukue wewe. Mpe mtoto kaakaa, kiboko niachie mimi."

 Baba akamwuliza kama atasimama na neno hilo mbele ya Mola, siku ambayo hakuna mwavuli. Maalim akasema atasimama nalo. Baba akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, tukadhani amekasirika. Akarudi na kamba.

Ilikuwa ya safari. Mtoto alifungwa kiunoni kwenye ubao wa kukalia, kwa ajili ya ule mdomo wa kwanza usije ukamvuta. Maalim akaitazama kamba ile, halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, kama kuna kipande kimebaki. Tukaondoka Mbwera na abiria wawili waliofungwa kama mbuzi wa Idi, mmoja anasoma macho yamefumba, mwingine anachezesha vidole majini na kucheka. Mimi nilishika kamba ya mtoto. Wallahi niliuhisi mvuto. Leo nakubali ulikuwa mkondo wa maji kupwa, lakini siku ile nilivuta mpaka ngozi ya viganja, ya kwangu mwenyewe, ikabaki kwenye kamba.

Dar es Salaam sikufika. Nilikuwa na mafuta motoni. Walikwenda baba, mama, mtoto na Maalim, na habari nilizipata kwa vipande. Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyejua Kiswahili, na dresa aliyekuwa akimfasiria aliwaambia wanaume mlangoni kwamba "wataliziba lile tundu." Wanaume wakatazamana: kuziba, si ndiyo hiyo? Mama aliingia na mtoto wodini. Maalim akaona trei yenye sindano ikipita, akaanguka, na inasemekana siku ile hospitali ilitibu watu wawili wa Rufiji kwa bei ya mmoja.

Waliporudi, mtoto akaletwa kwangu kwa heshima, akafungua kinywa, nikachungulia. Juu palikuwa pamefunga. Katikati kovu refu, jekundu. Nikasema hapo ndipo walipobandika, na Maalim akasema ndiyo, hapo. Tukanong'ona wawili, kama wezi.

Lakini mtoto alipozungumza, ilikuwa puani vilevile. Baba yake karibu alie. Akasema tumechukua dhambi na faida hatukupata. Maalim akamwambia, "Nyumba imejengwa, wenyeji hawajahamia. Niachie mtoto masika haya." Basi Sikudhani na mama yake wakakaa kwa mke wa Maalim, na ndipo Bungu ikaona maajabu.

Maalim alitafuta unyoya mdogo wa kifaranga, ule laini usio na uzito. Akaushika chini ya pua ya mtoto, akamwambia aseme ba. Unyoya ukatikisika. "Upepo umetokea dirishani," akasema. "Urudishe mlangoni." Ba. Unyoya ukatikisika. Wenzake wakiwa wamekwenda kuogelea, wao wamekaa na unyoya. Akagundua kwamba mtoto hajui kabisa kupuliza kwa mdomo, hajawahi, tangu azaliwe pumzi yake ilikuwa na njia moja. Akakata mabua ya majani ya mpapai, yale yenye uwazi ndani, akamfundisha kuyapiga kama zumari. Siku za kwanza haukutoka hata mlio wa mbu. Baadaye ukatoka, na watoto wengine wakaona raha, wakakata ya kwao, na chuo cha Kurani kikawa na mabua ya mpapai mengi kuliko misahafu. Maalim huyu huyu ndiye aliyekuwa akihubiri Ijumaa dhidi ya ngoma na matarumbeta. Wazee wa msikiti walikuja kulalamika. Akawasikiliza, akampa kila mmoja bua, akawaambia wajaribu, waone kama ni kazi ya kucheza. Mmoja, namjua, aliondoka nalo kanzuni.

Baba alikuja mwisho wa masika kuchukua familia yake. Sharti niseme hapa kitu ambacho mtu wa nje hakijui: mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuifunga pumzi ile ya ba, huvuja yote puani, ikawa ma. Kwa hiyo tangu alipojua kusema, Sikudhani alimwita baba yake mama. Wakata mikoko wenzake walikuwa wakimtania huko kwenye matope, wakimwita Mama Sikudhani, naye alikuwa akicheka nao. Siku ile alikuwa amekaa benchi langu, kikombe mkononi, anapuliza chai. Mtoto akatoka chuoni na unyoya wake kidoleni, akamwona, akasimama. Akauweka unyoya chini ya pua yake mwenyewe, kama alivyozoea, akasema, "Baba."

Unyoya haukutikisika.

Yule bwana akaweka kikombe chini.  Akaitwa tena, na tena, mtoto anajisikiliza tu akifurahia sauti yake, na kila akiitwa yeye anaitikia, "Naam. Naam. Naam," mpaka chai ikapoa. Maalim alikuwa mlangoni mwa chuo. Nikamwita aje ale kitumbua, cha bure, cha sherehe. Akatikisa kichwa. Ilikuwa Alhamisi.

Baada ya huyo wakaja wengine, kutoka Umwe, kutoka visiwani, mpaka kutoka huko juu ya mto, watoto waliofungwa midomo mijini wakabaki na sauti iliyopotea njia. Aliwapokea wote kwa unyoya na bua. Kuku wa Bungu walikuwa wakimwona wanakimbia.

Mimi nilihama. Nilikwenda Dar es Salaam nikawa mpagazi mchana na mwanafunzi usiku, shule ya watu wazima, madaftari kwa mwanga wa karabai. Cheti ninacho, mende wamekula pembe moja lakini jina langu linasomeka. Walitufundisha moyo wa chura na safari ya chakula tumboni. Mdomo wa mtu hawakuufikia, au waliufikia siku niliyosinzia.

Nilirudi kumtembelea Maalim mwaka ambao Mwingereza alikuwa anafunga mizigo. Nilimkuta amekaa ndani kwake, kwenye mkeka, amekuwa mdogo kuliko mwavuli. Meno ya mbele yalikuwa yameondoka na dali imeondoka nayo. Alijisikia akiikosea, akatabasamu kwa aibu. Chuo alikuwa amekiacha mikononi mwa Sikudhani, sasa msichana mzima, na kwa dirisha tulisikia watoto wakisoma, kila herufi kwao. Nilikuwa nimemletea halua kutoka mjini, nimeifunika kwa kawa la ukindu. Nikaifunua. Niliona macho yake yakiijia kama watoto wanavyoijia ngoma.

"Leo siku gani?" akauliza.

Nikamwambia, na nilijuta kabla sijamaliza.

Akaisukuma kwa vidole viwili. Nikamwambia, Maalim, wewe ni mgonjwa, mkeo amechoka kulia, hata Mola mwenyewe ameruhusu mgonjwa kula. Akasema mgonjwa ndiye mwenye haraka zaidi. Ndipo akanieleza kile ambacho hakumweleza mtu. Tangu siku ya Mbwera, kila Alhamisi aliifunga kwa ajili ya yule kiboko. Hakujua kafara yake ni siku ngapi, kwa kuwa hakuna kitabu kilichosema, kwa hiyo akaamua afunge tu mpaka aitwe. Hakujuta. Kama ingerudi siku ile, angesema vilevile. "Lakini sasa naitwa," alisema, "na usiku najiuliza. Nitakapoulizwa nani alitia mnyama kwenye kinywa cha mtoto nitasema ni mimi. Hilo nalijua. Baada ya hapo sijui nitasema nini."

 Mimi, mwenye cheti, nilikuwa bado naamini.

Sikudhani alikuwa amewapa watoto ruhusa, naye amekaa kizingitini, ukili mkononi kama mama yake. Sikujua kwamba anatusikiliza. Akauweka ukili chini. Akauliza ni mnyama gani huyo, na Maalim, bila kumtazama, akamwambia ni kiboko, ile ngozi waliyomziba nayo. Msichana akasema maneno hayo aliyasikia utotoni, wenzake wakimtania mtoni, akadhani ni utani wa watoto. Hakujua kwamba kuna mtu mzima aliyeyabeba.

Akaja akapiga magoti mbele yake kwenye mkeka, akafungua kinywa kuelekea dirishani ili mwanga uingie, akaukaribisha uso wake mpaka yule mzee akaona. Kisha akakifunga.

"Mama alikuwamo mle ndani, Maalim, alinishika mkono, na daktari alimwonyesha kwa vidole. Nyinyi mlikuwa nje. Hawakutia kiraka. Walivuta nyama ya huku na nyama ya huku, wakashona ukingo kwa ukingo, kama ukili wa mkeka. Yote ni yangu mwenyewe, ilikuwa haijakutana tu. Karibu halua."